Aliyeingia kwa Jina la Nabiha

Jina lililotokea kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa lake mwenyewe.

NABIHA.

Wala si Nabiha wa mtaa mwingine. Ni Nabiha binti Abdulghafur, yule yule aliyekuwa amekaa kitini, vidole viko kwenye vitufe.

Wewe uliyesoma Jumamosi iliyopita unajua tulipofika. Na wewe unayetukuta leo, sogea karibu, utatuelewa tu. Pale Mji wa Kale, ghorofani juu ya duka la vitambaa, kuna Studio Lulu ya Bi Raihana, ambaye hupiga picha za wanawake peke yao. Bibi harusi wa Mombasa anapokaa kupambwa, nywele wazi na mabega wazi mbele ya wanawake wenzake, simu za wageni wote hukusanywa mlangoni. Kamera inayoingia ni ya Raihana tu. Picha zake huwekwa kwenye albamu ya mtandaoni yenye kufuli, na kufuli hilo alilitia Nabiha kwa kazi yake ya programu.

Asubuhi ya siku hiyo mteja mmoja alipiga simu analia. Kuna mwanamume huko sokoni Marikiti, amemkuta anachagua nanasi, akamgeukia na kumsifia kidoa cheusi alichonacho bintiye begani. Begani! Mahali ambapo mume tu ndiye wa kupaona.

Nani ameingia kwenye albamu? Nabiha aliiuliza kompyuta swali hilo. Na kompyuta ikamjibu: wewe.

"Nisomee," Bi Raihana alisema nyuma yake. "Nisomee jina hilo. Huenda mimi sioni vizuri."

"Si mimi, dada."

"Jina ni la nani?"

"Ni langu. Lakini si mimi."

Raihana alirudi nyuma. Akajifuta mikono kwa mtandio wake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeshika samaki aliyevunda. Nabiha aliuona ule mfuto wa mikono, na ulimuuma kuliko kofi.

"Nimekukabidhi wana wa watu," Raihana alisema. "Mama zao waliniuliza, nani anashika ufunguo? Nikawaambia, anaushika binti wa Mzee Abdulghafur, laleni usingizi."

"Nisikilize kwanza, halafu unifukuze ukitaka." Nabiha aligeuza kiti. "Kufuli hili sikulichonga peke yangu. Hakuna anayefanya hivyo siku hizi. Kuna huduma ya kutambua watu, iko huko kwenye wingu, yaani kompyuta za watu wa mbali, kazi yake ni kumuuliza kila anayebisha: wewe ni nani? Wenye huduma hiyo hutoa maktaba."

"Ya vitabu?"

"Ya maagizo, dada. Maagizo yaliyoandikwa tayari. Mimi nayachukua, nayatia ndani ya programu yetu, na programu yetu ikitaka kusema na wale wa kwenye wingu, inasema kwa ulimi wa maktaba. Mfungulie fulani akaunti. Mfungie fulani. Mpe fulani cheo. Na ili wajue kwamba anayeamuru ni mwenye mali, nina ufunguo. Faili dogo tu. Maktaba hainijui sura. Inaujua ufunguo. Anayeushika, huyo ndiye mwenye nyumba."

"Na unao wewe."

"Ninao. Na kuna mwingine anao."

Raihana alikiinamia kioo tena.

"Ameuiba," Nabiha aliendelea. "Ameiamuru maktaba ifungue akaunti mpya, akaiita kwa jina langu, akaipa cheo cha msimamizi. Mwenye cheo hicho haulizwi hii ni albamu ya nani. Anafungua anayoitaka."

"Anafungua ngapi?"

"Zote."

Raihana alikaa chini. Mkono ulimwendea mdomoni wenyewe. Albamu zote maana yake ni Lubaba aliyepigwa picha akicheka hadi mtandio ukamwanguka. Ni Mwanakhamis na hina yake hadi juu ya magoti. Ni mabibi harusi wa nyumba ambazo hata jina la binti halitajwi mbele ya wageni.

"Na hivi sasa?" aliuliza. "Hivi tunavyosema, kuna mtu ndani?"

Nabiha aliandika, akangoja, akasoma.

"Wamo."

"Wamo? Ni wengi?"

"Ni simu tofauti tofauti, neno la siri ni moja. Wanapokezana."

"Wanapokezana!" Raihana alilitema neno hilo. "Wanapokezana wana wa watu kama sahani ya halua! Watoe! Zima kila kitu!"

"Nikiifuta akaunti watajua, watatawanyika, na mwizi hatutampata."

"Nabiha, wanaangalia! Sasa hivi kuna mtu anaangalia!"

Ilikuwa kweli, na Nabiha hakubishana na ukweli. Aliomba ufunguo mpya, akaua ule wa zamani. Kisha kupitia maktaba akaamuru waliomo ndani watupwe nje wote kwa mkupuo mmoja, na ile akaunti ya jina lake ivuliwe cheo, isifungue hata picha moja. Ila mlango wenyewe aliuacha umesimama. Atakayerudi na kubisha ataambiwa aandike namba yake ya simu, aletewe tarakimu za kujithibitisha, na akizitia, habari zimfikie Nabiha simuni.

"Picha hawazioni tena?"

"Hata kivuli."

"Sasa mlango umeuachia nini?"

"Nataka kujua nani atakayelalamika," Nabiha alisema.

Hawakungoja sana.

Simu ililia. Tena haikulia mbali. Ililia chumba cha mbele, upande wa pili wa pazia, alipokuwa amekaa Bi Sheikha.

Bi Sheikha huyu, ndugu msomaji, ndiye mlinzi wa mlango. Harusi ikiwa na Studio Lulu, yeye ndiye husimama kwenye ngazi za ukumbi na kikapu chake, akawanyang'anya wageni simu na kuzitia kwenye vifuko. Amewahi kumtoa nje dada wa bwana harusi kwa kuficha simu kifuani. Na harusi zikiisha hufanya kazi yake ya asili, ushenga. Nusu ya ndoa za Mji wa Kale zimepita mkononi mwake. Sauti yake husikika hadi mtaa wa nyuma.

Leo alinong'ona.

"Naam, mama... Yakataa? Yataka namba? La, usitie. Usitie kitu. Ngoja nimpigie fundi."

Akakata. Ikalia tena.

"Na kwako pia? Subiri, mama, subiri. Ni mtambo tu wasumbua."

Nabiha na Raihana walitazamana. Raihana alilivuta pazia kwa nguvu hata pete moja ikakatika na kuviringika sakafuni.

"Ni kipi kinachokataa, Bi Sheikha?"

Mwanamke yule aliinua uso. Shavu moja limejaa tambuu, midomo myekundu. Alijaribu kuificha simu chini ya leso.

"Wewe umezichukua simu za Mombasa nzima," Raihana alisema na kunyoosha mkono. "Leo lete yako."

Kwenye kioo cha simu ulikuwepo mlango wa Lulu, umeganda, unaulizia namba. Juu yake, jina la anayebisha: Nabiha.

Ungedhani atalia. Ungedhani atashika miguu. Bi Sheikha alitafuna tambuu yake, akaipeleka shavu la pili.

"Kelele za nini? Nimeua? Mimi ni mshenga. Mamake kijana yuwataka kumuona anayemposea mwanawe, ni haki yake. Zamani alikuwa yuwaja harusini akaona. Sasa wakwe wenyewe wako ng'ambo, wengine miguu yawauma, hawawezi ngazi. Mimi nawaonyesha. Kina mama tu."

"Kina mama tu?"

"Wallahi."

"Na yule wa Marikiti aliyekiona kidoa?"

Taya ya Bi Sheikha ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Yule mamake hana mato mazuri. Mwanawe yuwamshikia simu."

"Anamshikia simu," Raihana alirudia. "Mamake haoni, naye anamshikia simu." Alikwenda dirishani akatema mate nje, yeye Raihana ambaye hata kikohozi hukitia kitambaani. "Na akienda nayo chumbani kwake, huko anamshikia nani?"

"Ya chumbani kwa watu mimi nitayajuaje?"

Nabiha alikuwa akiutazama mkono wa Bi Sheikha, ule wa kulia wenye bangili ya fedha. Ndio uliomvua buibui kwenye harusi ya binamu yake Mwanakhamis. Ulilikunja vizuri, ukamgonga mgongoni kwa mapenzi. Hapa ni sisi wanawake watupu, mwanangu, jiachie. Naye akajiachia. Alicheza mpaka jasho likamtoka. Sasa alihisi mkono ule bado uko mgongoni mwake, na alitamani maji na sabuni.

"Fundi ni nani?" aliuliza.

"Fundi gani?"

"Uliyesema utampigia."

Hapo Bi Sheikha alitabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la huruma, na ndilo lililotisha.

"Hujui kweli, mwanangu? Muulize mchumba wako."

Mchumba wa Nabiha ni Zakariya, fundi wa kompyuta mwenye duka Mbaraki. Kijana mpole, mwenye ndevu zilizochongwa na sauti ya chini. Nikahi yao ni Ijumaa. Kadi zimeshafika hadi Lamu.

"Muongo wewe," Nabiha alisema.

"Ulidhani alikuposa kwa kusikia sifa zako? Kijana alikuja kwangu na picha yako, iko kwenye simu yake. Umevaa kijani, nywele zimekushuka mgongoni, wacheza kwa Mwanakhamis. Akaniambia, Bi Sheikha, nimtakaye ni huyu, niendee kwa wazee wake unisemee. Nikamuuliza, nami utanipa nini? Akanipa mlango."

Akanipa mlango! Alilisema neno hilo kama mtu anayesema, akanipa kilo ya sukari.

Nabiha alishika ukingo wa meza. Kabla hajamjua Zakariya, kioo cha kompyuta yake kilipasuka. Akaipeleka Mbaraki, akamwachia na neno la siri ili aijaribu akimaliza. Zakariya aliirudisha imeng'arishwa, imepanguswa hadi katikati ya vitufe, na hakutaka malipo. Nabiha alikuwa amewasimulia marafiki zake kisa kile mara nyingi, na kila mara walisema, ee, bahati yako. Kumbe wakati akipangusa vitufe alikuwa ameshapekua ndani, ameshaunyakua ufunguo, ameshaingia kwa wanawake.

"Wanitazamia nini hivyo?" Bi Sheikha alisema. "Kijana amekuona, amekupenda. Wangapi waolewa na wasiowapenda?"

"Toka," Raihana alisema.

"Nitatoka." Alijitupia buibui, akachukua kikapu chake, simu ikabaki mkononi mwa Raihana. Mlangoni aligeuka. "Lakini jina lililoko kwenye mtambo si la Sheikha. Ni lake huyu. Mkipiga kelele, mpige mkijua hilo."

Akashuka ngazi, na harufu ya tambuu ikabaki chumbani. Raihana alifungua madirisha yote.

"Unamwamini?" aliuliza.

"Chukua kamera yako, dada," Nabiha alisema. "Twende Mbaraki."

Tuktuk iliwafikisha adhana ya alasiri ikiwa imeshapita na waumini wanarudi madukani. Zakariya alikuwa mezani, kanzu nyeupe, amevaa miwani ya kukuzia, mbele yake skrubu ndogo ndogo zimepangwa kwenye kisahani. Alipowaona alisimama haraka, akavuta viti.

"Assalaam aleikum! Bi Raihana, karibu sana. Nabiha, karibu. Leo baraka gani hii?"

"Wa aleikum salaam. Hatukai," Nabiha alisema. "Nina swali moja. Mara ya kwanza kuniona ilikuwa lini?"

"Uliponiletea kompyuta. Umejisitiri vizuri, nikasema, huyu ana wazee." Alicheka kidogo. "Ndio swali lenyewe?"

"Na mara ya pili, nilikuwa nimevaa nini?"

Kicheko kilikatika.

"Sikuelewi."

"Rangi gani, Zakariya?"

Alimtazama Raihana, akamtazama Nabiha, akavua ile miwani. Unaweza kumuona mtu akichagua uongo wa kusema, kama mtu anayechagua shati. Huyu alichagua, akaacha, akachagua tena. Mwishowe akashusha sauti, akaifanya laini, kama anayetoa zawadi.

"Kijani," alisema. "Nami nikasema, subhanallah."

Kwamba alitazama lilikuwa jambo moja. Kwamba alitazama akamtaja Mungu lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Usilitie jina hilo hapa."

"Nabiha, mtu ameruhusiwa kumtazama anayetaka kumposa. Hata masheikh wanasema."

"Ameruhusiwa aje sebuleni kwetu, babangu amekaa, mimi najua kwamba natazamwa na nimejisitiri. Hakuruhusiwa kuiba ufunguo akawatazama mabibi harusi wa Mombasa nzima."

"Hao wengine sikuwatazama. Naapa."

"Hao wengine uliwafanya malipo ya mshenga."

Hapo uso wa Zakariya ulibadilika. Upole ulimtoka kama rangi inayotoka kwenye nguo mbaya. Alikwenda mlangoni, akaurudishia nusu, akazungumza bila haraka.

"Punguza sauti, kuna majirani. Na sasa tuseme kama watu wazima. Akaunti ina jina la nani? Lako. Ufunguo ni wa nani? Ni wako. Ulitoka kwenye kompyuta ya nani? Yako. Haya, nenda polisi. Nenda hata kwa kadhi. Watauliza, nani aliyekuwa akiingia? Wataona Nabiha, Nabiha, Nabiha. Mimi nitasema nilitengeneza kioo tu, na dukani kwangu hakuna anayeweza kuonyesha zaidi ya hapo."

Bi Raihana alimgeukia Nabiha. Macho yake yalikuwa na kitu kidogo, shaka ya sekunde moja, na Nabiha aliiona.

"Lakini Ijumaa tukifunga ndoa," Zakariya aliendelea, sasa amerudia ile sauti ya asali, "siri yako ni siri yangu. Mlango nitaufunga mwenyewe. Mombasa haitajua kitu. Sioni kwa nini tuharibiane."

"Huwezi kuufunga," Nabiha alisema. "Ufunguo huna tena."

"Ninao hapa."

"Huo umekufa. Nimetia mpya tangu adhuhuri. Wala kuingia huwezi."

Laiti angenyamaza! Lakini fundi ana kiburi chake, na huyu alikuwa amechokozwa mbele ya mwanamke anayedhani amemmiliki. Alicheka puani. Akatoa simu, akaufungua mlango wa Lulu mbele yao. Aliandika jina, Nabiha, akaandika neno la siri bila hata kutazama vidole, na wanawake wale wawili wakajionea alivyozoea.

Mlango ukamuuliza namba ya simu.

"Ndio kufuli lako hili?" alisema. "Mtoto wa shule analipita."

Akaandika namba yake. Tarakimu zikaja. Akazitia. Mlango ukafunguka, akainua simu juu kuwaonyesha.

"Haya! Niko ndani."

"Ndani mna nini?"

Alitazama. Albamu ilikuwa tupu. Aliivuta chini, akaivuta juu. Tupu.

Mkononi mwa Nabiha simu ilitikisika. Akaisoma, kisha akamgeuzia.

"Asante, Zakariya. Jina ni langu, lakini namba ni yako. Wale wa kwenye wingu wameandika kwamba mwenye akaunti hii amejithibitisha. Umejithibitisha mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya shahidi."

Zakariya alimrukia. Mkono ulikwenda kwenye simu ya Nabiha, kisahani kikapinduka, skrubu zikamwagika. Na hapo hapo mwanga mweupe ukampiga usoni, akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Raihana alishusha kamera. Alikuwa amempata vizuri: mdomo wazi, mkono hewani, na katika mkono wa pili simu inawaka jina la Nabiha.

"Tangu nianze kazi hii sijampiga picha mwanamume," alisema. "Wewe ni wa kwanza. Na wewe ndiye utakayeonekana na watu wote."

Nabiha alivua pete. Haikutoka upesi, vidole vilikuwa vimevimba kwa joto na hasira, akaivuta mpaka ngozi ikamchubuka. Hakumtupia. Aliiweka mezani kwa ncha ya vidole viwili, kama mtu anayetoa mende kwenye chakula.

"Ijumaa hakuna ndoa."

"Babako hatakubali. Ameshaalika watu."

"Babangu ataisikia kwangu sasa hivi, na akishaisikia utatafuta kisiwa kingine cha kukaa."

Hakuwa anatia chumvi. Mzee Abdulghafur, muuza udi na marashi, akipita uchochoroni watu huacha mazungumzo wakamwamkia. Wateja wanawake wakiingia dukani kwake, yeye hutazama chupa zake tu mpaka watoke. Ndiye aliyemlea Nabiha kwa neno moja: mtu hujulikana kwa macho yake.

Zakariya alikuwa ameinama anaokota skrubu. Alipoinua uso, alikuwa anatabasamu.

"Mpigie," alisema. "Hebu mpigie babako."

Tabasamu lile Nabiha hakulipenda. Aliinua simu.

Kabla hajagusa kitu, ikalia yenyewe. Baba.

"Nabiha, mwanangu," ilisema sauti aliyoijua kuliko zote duniani. "Uko wapi?"

"Mbaraki, baba. Nilikuwa nataka kukupigia. Kuna jambo kubwa."

"Kubwa tutalisema nyumbani. Kwanza nisaidie langu dogo, wewe ni mtu wa mitambo. Simu yangu imenishinda. Hawa watu wa benki wananisumbua. Nataka kuingia mahali, wameniuliza namba, nimetia. Sasa wameniletea tarakimu sita. Nazitia wapi?"

Raihana, aliyekuwa karibu, alisikia kila neno. Kamera ikamning'inia shingoni.

"Nikusomee?" baba aliuliza.

"La, baba. Tarakimu usinisomee." Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya msichana mdogo. "Soma pale juu. Nisomee jina la walioleta ujumbe."

"Jina?"

"Jina tu, baba. Benki gani?"

Alimsikia akivuta pumzi. Alimsikia akiisogeza simu mbali na uso, kama anavyofanya akisoma bila miwani.

"Lu..." alisema, akanyamaza.

"Malizia, baba."

Hakumalizia. Badala yake, nyuma yake, karibu naye mno, karibu kuliko mwanamke yeyote asiye mkewe anavyopaswa kuwa, ilisikika sauti ya mtu anayehema kwa kukimbia. Nabiha aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza. Muda mfupi uliopita mwenye sauti hiyo alikuwa studio, kinywa chake kimejaa tambuu.

"Usimsomee! Kata simu! Kata, Ghafuri!"

Mamake Nabiha, aliyemzalia mzee yule watoto na kuzeeka naye chini ya dari moja, humwita Baba Nabiha. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina.

Huyu alimwita Ghafuri. Na mzee akaitika: "Labeka."